Lou Reed, Metallica na Ubishi wa Lulu

Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, waliipa Lulu, albamu ya mwisho ya mwanaroki wa Marekani Lou Reed, alama 1.0 kati ya 10. Aprili 2015, miaka mitatu na ushei baadaye, mjane wake Laurie Anderson alisimama jukwaani mjini Cleveland, Reed akiingizwa rasmi katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, akasimulia kwamba mwanamuziki David Bowie alimwambia hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote za mumewe, na kwamba watu wangechukua muda kuifikia, kama ilivyokuwa kwa Berlin, albamu ya Reed ya mwaka 1973. Hukumu hizi mbili haziwezi kupatanishwa kwa kukata katikati. Mtu anayesema albamu hiyo ni ya wastani, nashuku hajaisikiliza mpaka mwisho. Nami simlaumu sana, kwa sababu ina dakika 87.

Lulu ilitoka tarehe 31 Oktoba 2011, kesho yake ikaingia sokoni Marekani. Jalada lina majina mawili, Lou Reed na bendi ya hevi metali Metallica, na nusu ya ugomvi wote umezaliwa hapo. Kwa hiyo inafaa kujua majina hayo yalikutanaje.

Oktoba 2009, Hall of Fame hiyo hiyo ilikuwa na tamasha la kuadhimisha miaka 25 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Metallica walimpigia Reed nyimbo zake mbili za enzi za Velvet Underground, bendi yake ya zamani, Sweet Jane na White Light/White Heat. Mzee akafurahi, akasema lazima warekodi pamoja. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kawaida kabisa: kuzichukua nyimbo za zamani za Reed ambazo hazikupata umaarufu na kuzivika uzito wa hevi metali. Albamu ya namna hiyo ingeuzika, ingepata nyota tatu kila mahali, na leo nisingekuwa naandika habari zake.

Lakini siku za kuingia studio zilipokaribia, Reed aligeuza kibao. Alikuwa ameandika maneno kwa ajili ya mchezo ambao Robert Wilson aliuongoza kwenye jukwaa la Berliner Ensemble, uliotokana na tamthilia mbili za Mjerumani Frank Wedekind, ya kwanza ya mwaka 1895 na ya pili ya 1904. Akawatumia Metallica maandishi hayo. Majira ya kuchipua ya 2011 wakakutana katika makao ya bendi huko San Rafael, California, pamoja na watayarishaji Hal Willner na Greg Fidelman, wakarekodi kwa mtindo wa Reed: kupiga kwa pamoja, bila mazoezi marefu, na kuliacha jaribio la kwanza au la pili la kurekodi lisimame hivyo lilivyo. Kwa bendi iliyozoea kuchonga wimbo mmoja kwa wiki kadhaa, huo ulikuwa ulimwengu mwingine. Lars Ulrich, mpiga dramu wa Metallica, amesimulia kwamba mapema katika kazi hiyo walitofautiana hadi Reed akamwalika watoke nje wakapigane. Reed alikuwa karibu miaka sabini, lakini pia alikuwa mwanafunzi wa tai chi wa miaka mingi, hivyo Ulrich alifanya busara kutotoka.

Huyo Lulu mwenyewe ni mhusika wa Wedekind: mwanamke anayepita mikononi mwa wanaume, mmoja baada ya mwingine wanaangamia, naye anaishia London kwa kisu cha Jack the Ripper. Wasanii wengine walikuwa wameshamshughulikia. G. W. Pabst alimtengenezea filamu ya kimya mwaka 1929. Alban Berg alimtungia opera aliyoiacha bila kumaliza alipofariki mwaka 1935, nayo haikuonyeshwa nzima mpaka 1979 mjini Paris. Kwa watu wa maigizo na opera, Lulu ni jina la nyumbani. Kwa kijana aliyenunua Death Magnetic, albamu ya Metallica iliyotangulia, mwaka 2008 na kusubiri miaka mitatu albamu nyingine ya Metallica, lilikuwa jina asilolijua la mtu asiyemhusu.

Kijana huyo ndiye kundi la kwanza la wapinzani, na tusimdharau. Death Magnetic iliuza takriban nakala 490,000 Marekani katika siku tatu za mwanzo na kuingia namba moja. Lulu iliuza kama 13,000 katika wiki yake ya kwanza, ikaingia namba 36. Mashabiki hao hawakuikimbia kwa kuwa ni wagumu wa masikio. Muziki wa Metallica umejengwa juu ya mabadiliko: rifu, yaani kile kipande cha gitaa kinachojirudia, huja, hukaza, hukatika, huja nyingine kwa mwendo mwingine, halafu solo, halafu kurudi. Msikilizaji wao hufundishwa kungoja hatua inayofuata. Katika Lulu, wimbo kama Cheat on Me unaenda dakika kumi na moja na ushei, na Dragon nao kama hivyo, na hatua inayofuata haiji. Rifu moja inazunguka, mzee anaongea juu yake. Hii ni kanuni ya Velvet Underground tangu 1967: kaa na kodi mbili tatu za gitaa mpaka zianze kufanya kazi zenyewe. Ukiwa na sikio la Velvet utasema bendi imepata subira. Ukiwa na sikio la Metallica utasema bendi imelala. Wote wawili wanasikia kitu kile kile, tena wanakieleza vizuri.

Kundi la pili ni wafuasi wa Reed mwenyewe, na hapa malalamiko yalikuwa mengine. Wao walikuwa tayari kwa ughani wake, kwa maneno machafu, kwa mada za damu na udhalilishaji. Walichouliza ni kwa nini atumie bendi nzito kiasi hicho. Reed bora, walisema, ni yule anayesema jambo la kutisha kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa, na gitaa moja tu kando. Kumtandikia ukuta wa magitaa ni kuyapigia mstari mara nne maneno ambayo tayari yana wino mzito.

Kisha kuna meza.

Mwishoni mwa Septemba 2011, kabla albamu haijatoka, walitanguliza wimbo mmoja kuonjesha watu: The View. Katika wimbo huo James Hetfield, mwimbaji wa Metallica, anabweka kiitikio ambamo anatangaza kwamba yeye ni meza. Ndiyo, meza. Ndani ya shairi zima mstari huo una mahali pake, kwa kuwa unafuatana na madai mengine ya namna hiyo ya mtu anayejiona ni kila kitu. Ukiuchomoa na kuusikia kwa sauti ya Hetfield, mtu ambaye kwa miaka thelathini amekuwa akitumia sauti hiyo kutangaza vita na mauti, ni kichekesho. Mtandao mzima ulicheka, na ulicheka kwa wiki kadhaa kabla albamu haijatoka.

Uamuzi huo wa kuitanguliza The View ndio kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na ajabu ni kwamba wahakiki wengi hawakulitaja, wakaenda moja kwa moja kulaumu wazo zima la ushirikiano. Kati ya nyimbo kumi, huo ndio ambao sauti mbili hazipatani hata kidogo. Mwendo ni wa kuburuza, Reed anaghani kwenye wakati wake mwenyewe, Hetfield anaingia kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kama wangetanguliza Iced Honey, wimbo wa dakika nne na nusu wenye umbo la roki ya kawaida ambao Reed angeweza kuutoa mwaka wowote, watu wangesema tu kwamba mzee amepata bendi yenye misuli. Kama wangekuwa na ujasiri na kutanguliza Junior Dad, mjadala ungeanzia mahali pengine kabisa. Singo ya kwanza humwambia msikilizaji asikilize kwa masikio gani, na hii ilimwambia asikilize ili acheke.

Wahakiki walipoipata albamu nzima, wastani uliokusanywa na Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki, ulikuwa 45 kati ya 100. Wastani huo unapotosha kidogo. Mtu akiona 45 hudhani kila mhakiki alitoa kitu kama 45, kumbe zilikuwapo alama za kuifagilia na alama za kuizika, na katikati watu wachache waliotikisa kichwa. Waliotetea walisema ni kazi ya ujasiri. Waliozika walisema ujasiri si sifa ya muziki, mtu anaweza kuwa jasiri na bado akatoa upuuzi. Katika hoja hiyo niko upande wa waliozika. Neno “jasiri” katika uhakiki mara nyingi ni upole wa mtu ambaye hakufurahia alichosikia na haoni raha kusema.

Basi tuiache hoja ya ujasiri tusikilize.

Brandenburg Gate inafungua kwa gitaa la kawaida lisilo na umeme na Reed akivuta picha za Berlin na za filamu za zamani za kutisha, halafu bendi inaingia kwa kishindo na Hetfield anarudia maneno yale yale machache kuhusu binti wa mji mdogo. Wengi walimcheka tena hapo. Mimi naona anafanya kazi ya kiitikio cha tamthilia, sauti ya umati unaomtazama Lulu, na inakubalika. Pumping Blood ni nzuri kweli kweli: inaanza na ala za nyuzi, inapanda, inaanguka, na kwa mara ya kwanza bendi inasikia Reed anapumua wapi. Mistress Dread ni mbaya, wala sina njia nyingine ya kuisema. Magitaa yanakimbia kwa kasi ya thrash, ile metali ya mbio, bila kusimama, sauti ya Reed inaelea juu yake kama matangazo ya kituo cha treni, na hakuna kati yao anayejua mwenzake yupo. Wanaosema kutopatana huko ni kwa makusudi huenda wana haki, ila jambo la makusudi nalo linaweza kuchosha.

Little Dog ni kinyume chake, dakika nane za utulivu ambazo Metallica karibu hawamo, na ndipo unagundua jambo kuhusu uchanganyaji wa sauti wa albamu nzima. Sauti ya Reed imewekwa mbele kabisa, kavu, kana kwamba yuko ndani ya sikio lako. Bendi iko nyuma, nene, imejaa. Hawako chumba kimoja. Palipo na bendi ndogo, umbali huo hausikiki. Palipo na bendi kubwa, unasikia rekodi mbili zinazochezwa kwa wakati mmoja. Hilo ni jambo la ufundi, lingeweza kurekebishwa wakati wa kuchanganya sauti, na naamini lilichangia chuki ya watu kuliko Wedekind na meza vikiwekwa pamoja.

Halafu Junior Dad, dakika kumi na tisa na nusu. Nyuzi zinaanza polepole, gitaa linaingia kwa upole ambao Metallica huutoa mara chache, na Reed anauliza maswali ya mtu anayezama: utakuja, utanivuta juu? Ni mtoto anayemwambia baba, au baba anayegundua amekuwa yule aliyemchukia. Kirk Hammett, mpiga gitaa wa Metallica, ambaye alikuwa amefiwa na baba yake muda mfupi kabla, amesimulia kwamba aliposikia maneno hayo studio ilibidi atoke nje kulia, na Hetfield naye alimfuata katika hali hiyo hiyo. Dakika kadhaa za mwisho hazina maneno, ni sauti ndefu za nyuzi zinazoshikilia na kubadilika taratibu. Hata baadhi ya walioiponda albamu waliuweka wimbo huu kando ya hukumu yao. Ni kati ya vitu bora alivyowahi kurekodi Reed, na bendi ile ile inayolaumiwa kwa kila kitu ndiyo iliyompigia.

Tukirudi kwa Bowie na hoja ya Berlin. Hii ndiyo silaha kuu ya watetezi, na inastahili kuchunguzwa badala ya kukubaliwa kwa sababu tu jina lililoisema ni kubwa. Berlin ilitoka mwaka 1973, baada ya mafanikio ya Transformer, albamu ambayo Bowie mwenyewe alishiriki kuitayarisha. Ni hadithi ya wapenzi wawili, Jim na Caroline, wanaobomoana kwa dawa za kulevya na vipigo. Rolling Stone iliandika kwamba ni janga. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2003, gazeti hilo hilo liliiweka kwenye orodha yake ya albamu 500 bora, na mwaka 2006 Reed aliipiga nzima jukwaani Brooklyn, Julian Schnabel akarekodi filamu. Watetezi wanasema: mliona? Mlikosea wakati ule, mmekosea sasa.

Lakini Reed ana kisa kingine ambacho watetezi hawakitaji kwa sauti kubwa. Mwaka 1975 alitoa Metal Machine Music, zaidi ya saa moja ya magitaa yaliyoachwa yapige kelele yenyewe mbele ya spika. Nayo ilizikwa, nayo ikapata watetezi, hata kundi la Ujerumani Zeitkratzer likaipiga jukwaani kwa ala za okestra. Leo inaheshimiwa. Je, inasikilizwa? Watu wengi wanaoiheshimu wameisikiliza mara moja. Kwa hiyo albamu iliyopondwa ina njia zaidi ya moja ya kwenda: inaweza kupendwa, inaweza kuheshimiwa bila kupendwa, na mara nyingi zaidi inaweza kusahaulika tu, maana albamu nyingi zilizopondwa zilistahili. Kupondwa peke yake hakuonyeshi lolote.

Tena Berlin ilikuwa na kitu ambacho Lulu haina. Msikilizaji wa Berlin hahitaji maelezo. Caroline ana jina, ana watoto, watoto wanachukuliwa, unawasikia wakilia. Katika Lulu hakuna anayekuambia nani anaongea. Reed, mzee wa miaka 69, anasema “mimi” kwa niaba ya mwanamke kijana, dakika tano baadaye anasema “mimi” kwa niaba ya mwanamume anayemtaka, na mpangilio wa nyimbo haufuati wazi mwendo wa tamthilia. Asiyemjua Wedekind anasikia mzee mmoja akitamka mambo machafu kwa saa moja na nusu. Wengi waliokasirishwa na maneno ya albamu hii walikasirikia mtu wasiyepaswa kumkasirikia, na kosa la hilo ni la albamu. Kwenye jukwaa la Wilson palikuwa na waigizaji na mavazi. Kwenye diski pamebaki sauti moja, na sauti hiyo haibadiliki.

Kuna pia suala la umri, ambalo huwa linanong'onwa tu. Wanamuziki wa roki wanapozeeka, wahakiki huwapa moja kati ya zawadi mbili: huruma ikiwa wametoa kitu dhaifu, au sifa za kupitiliza ikiwa wametoa kitu kinachofanana na ujana wao. Reed hakuomba hata moja. Alipoulizwa kuhusu hasira za mashabiki, aliwaambia waandishi kwamba hana mashabiki tangu Metal Machine Music, na kwamba anafanya hivi kwa kujifurahisha. Ni jibu la majivuno, lakini lilimnyima mhakiki ile nafasi ya kumpapasa mgongo. Nadhani baadhi ya ukali wa hukumu ulitoka hapo: mzee aliyekataa kuzeeka kwa adabu. Linganisha na Bowie mwenyewe. Albamu yake Blackstar ilitoka tarehe 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69, na yeye akafariki siku mbili baadaye. Ni albamu ngumu pia, yenye jazi iliyovunjwavunjwa na maneno yasiyojieleza, na ilisifiwa tangu mwanzo. Ni bora kuliko Lulu, hilo sibishani nalo. Ila kuanzia tarehe 10 hakuna aliyeweza tena kuisikiliza bila kifo chake, na kila fumbo lililokuwa ndani yake likapata tafsiri iliyo tayari.

Kifo cha Reed kilikuja tarehe 27 Oktoba 2013, siku chache kabla ya Lulu kutimiza miaka miwili. Alikuwa na miaka 71, alikuwa amebadilishiwa ini mwezi Mei mwaka huo. Ndipo albamu ilipoanza kusikilizwa upya, na hasa Junior Dad, na ndipo simulizi la “tulikosea” lilipoanza kuenea. Ulrich ameendelea kuitetea hadharani kwa miaka. Sina shaka kwamba baadhi ya waliobadilika waliisikiliza kwa dhati. Wengine, nahisi, walikuwa wanaomboleza, na msiba ni mhakiki mkarimu mno.

Hukumu yangu basi, kwa anayetaka kuijua kabla hajatenga saa moja na nusu: ile 1.0 ni ya uongo kwa sababu ya Junior Dad peke yake, na “kazi kubwa kuliko zote” ni ya uongo kwa sababu ya Mistress Dread peke yake. Chukua Brandenburg Gate, Pumping Blood, Iced Honey, Little Dog na Junior Dad. Ni kama dakika 44, urefu wa albamu ya santuri ya zamani. Reed hangekubali ikatwe hivyo, na Metallica wangebaki na nyimbo tatu tu ambazo wanasikika kikamilifu. Lakini ukizisikiliza hizo tano kwa mpangilio huo, usiku, bila kufanya jambo lingine, utaelewa Bowie alikuwa anasikia nini.